Neno Moja Tu Livae Mapambo

Kabla hujafungua kompyuta, toka nje. Vuka barabara, simama pale ambapo bodaboda inayotoka Ruangwa mjini bado haijapunguza mwendo, kisha utazame ukuta au nguzo unayotaka kutundika bango lako. Hesabu hatua ukirudi. Hatua hizo ndizo zitakazokuambia herufi gani inakufaa. Kioo cha kompyuta ya steshenari, ukiwa umekikaribia kama mtu anayetafuta sindano, hakitakuambia.

Nasema haya kwa sababu ya msimu. Nandagala, kata iliyomo katika wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, Watanzania wengi wanaijua kuwa ni nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyeapishwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2015. Sisi tunaoishi kwa kuandika na kuchapa tunaijua kwa kalenda nyingine. Ufuta ukishauzwa katikati ya mwaka, na korosho zikianza kuingia ghalani kuelekea mwisho wa mwaka, fedha hutembea. Na fedha ikitembea, maandishi huongezeka. Mwenye duka jipya anataka bango. Familia inataka kadi za mchango wa harusi. Mama mwenye mwali anataka kadi za unyago. Kijana aliyenunua pikipiki anataka neno kwenye madigadi. Na karibu wote wakifika wanaomba kitu kimoja: "Niwekee herufi nene, za kupendeza, zenye mapambo."

Ombi hilo silidharau hata kidogo. Nimelitimiza vibaya mara nyingi, ndiyo maana naandika.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza kadi ya mchango kwa ajili ya harusi ya ndugu. Nilichagua fonti nene yenye mapambo, nikaipenda mno, nikaitumia kwa kila kitu: majina ya maharusi, tarehe, ukumbi, na namba ya simu ya kupokelea michango. Kwenye kioo ilipendeza. Tukaipiga fotokopi, na fotokopi ya fotokopi, kama ilivyo kawaida. Sasa tarakimu 3 katika fonti ile ilikuwa na ncha mbili nono zilizojikunja ndani hadi karibu kugusana na mgongo. Wino ulipozidi kidogo, 3 ikawa 8. Mzee mmoja, ambaye si mtu wa kusoma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, alituma mchango wake kwa mtu wa mbali tusiyemjua. Alipokuja kwangu hakugomba. Aliishika kadi mbali na uso, akaniuliza, "Mwanangu, hii hapa ni tatu au nane?" Nami, mwandishi wa kadi yenyewe, nikashindwa kumjibu papo hapo.

Tangu siku hiyo nina sharti moja ambalo wateja wangu wanalichoka: katika kazi moja, neno moja tu, au jina moja tu, ndilo litakalovaa mapambo. Mengine yote yatavaa kawaida. Namba za simu na lipa namba haziguswi na pambo hata mteja akilia.

Tuitazame herufi yenyewe wanayoiomba. Ina miguu, yaani vikanyagio vidogo vinavyotokeza kwenye ncha za mistari, ambavyo wachapaji huviita serifu. Angalia I ya gazeti: ina kibao juu na kibao chini. Hivyo ndivyo vikanyagio. Halafu ina unene, lakini unene wake haulingani pote. Mstari mmoja ni mnene kama mchi, wa pili mwembamba kama uzi, na uzuri wote umo katika kupishana huko. Pambo huja juu ya hayo: kivuli pembeni, mkia uliojikunja, nukta iliyokuwa duara ikawa tone, mstari mweupe uliochimbwa katikati ya mstari mweusi.

Kwenye kompyuta nyingi za mtaani utazikuta fonti za aina hii tayari, maana zinakuja na programu ya kuandikia. Algerian ndiyo malkia wa kadi zetu, vyeti vyetu vya chekechea na mabango ya shule. Ilitengenezwa Uingereza na kiwanda cha herufi cha Stephenson Blake mwanzoni mwa karne ya 20, na haina uhusiano wowote na uandishi wa Waalgeria zaidi ya jina. Ina herufi kubwa tupu. Cooper Black, nono yenye kingo za mviringo kama andazi, ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Elephant, ambayo kwa kweli ni tembo, ni kazi ya Matthew Carter. Kwa asiyekuwa nazo, zipo za bure zenye leseni huru, unazoweza kuzitumia hata kwa kazi ya kulipwa: Abril Fatface, au Playfair Display katika unene wake wa mwisho. Mimi binafsi nikilazimishwa kuchagua moja nitakwenda na Abril. Algerian imechoka. Imetumika mahali pengi hivi kwamba mtu akiiona hawazi tena duka lako, anawaza kadi ya kipaimara ya mwaka juzi.

Inasaidia kujua herufi hizi zilizaliwa kwa kazi gani. Mwishoni mwa karne ya 18, Giambattista Bodoni wa Parma, Italia, alikuwa akichonga herufi za vitabu zenye tofauti kali kati ya mstari mnene na mwembamba. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachongaji wa London, Robert Thorne akiwa miongoni mwao, wakaichukua tofauti hiyo wakainenepesha kupita kiasi. Hawakuwa wanataka kupendezesha kitabu. Walikuwa wanatafuta herufi ya matangazo ya bahati nasibu na mabango ya ukutani, yaliyobanana na mabango mengine, kila moja likitaka kumzidi mwenzake sauti. Ni herufi ya kuita mtu. Haikuumbwa kwa ajili ya kumweleza mtu jambo baada ya kumwita. Ukiandika aya nzima kwa herufi hiyo, utakuwa kama mwenye kipaza sauti cha mnadani anayekitumia kumnong'oneza mkewe.

Wala tusidhani kupamba herufi ni jambo lililotufikia kwa kompyuta. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ncha za herufi zimechipua kama majani na vikonyo. Tazama walipoyaweka: kwenye ukuta wa kibla, mahali ambapo macho yote yanaelekea.  Fundi yule alijua mahali pa kupamba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo kubwa, na ambalo watu wa fani hii hapa kwetu hatulizungumzi. Fonti hizi huuzwa kwa sampuli ya Kiingereza. Ukifungua picha yake ya kuitangaza utaonyeshwa Q yenye mkia wa kupendeza, R inayorusha mguu, na alama ya & iliyojipinda kama nyoka. Unapenda. Unapakua. Kisha unaandika Kiswahili, ambacho Q na X hakina kabisa, na C hakiitumii ila ikiwa imeshikana na H. Alama ya & utaipata kwenye bango la "Juma & Wanawe" basi. Ulichokipenda hutakitumia, na utakachokitumia hukukikagua.

Kiswahili kinaishi kwa a, i, u, k, w, m na n. Maneno yetu huishia kwenye vokali, hivyo herufi ya mwisho ya karibu kila neno ni a, i, o, e au u. Kwa hiyo ukitaka kuinunua au kuipakua fonti, usiangalie Q yake. Iangalie a ndogo: je, tumbo lake lina tundu la kupitisha mwanga, au limejaa? Iangalie k: mkono wa juu ni mwembamba kiasi cha kupotea? K ni herufi ngumu kuchora, na sisi tunaitumia kila baada ya pumzi mbili. Iangalie W, ambayo katika fonti nene huwa pana kama mlango wa ghala. Mimi huandika sentensi ileile kila ninapojaribu fonti mpya: "Wakulima wa Nandagala, karibuni ng'ambo." Ikipita hapo, imepita.

Ng' hiyo ina taabu yake. Kuna fonti za mapambo za bure ambazo mtengenezaji hakujisumbua kuchora kistari cha juu chenye mkia, basi programu inaazima kistari kutoka fonti nyingine, na ng'ombe wako anasimama na pembe isiyo yake. Kuna waandikaji wanaobonyeza alama ile iliyo karibu na namba 1 kwenye kibodi, inayoegemea upande usio wake. Kwenye maandishi madogo hakuna anayeona. Kwenye bango la bucha, ambapo neno NG'OMBE lina kimo cha sentimita 30, kila mtu anaona, hata asiyeweza kusema kasoro ni nini.

Halafu kuna nafasi kati ya herufi. Andika WA kwa herufi kubwa nene, uitazame. Mlalo wa W na mlalo wa A unafuatana vizuri, lakini miguu ya herufi hizo inasukumana, na programu nyingi zinaacha pengo. YA vivyo hivyo. VA vivyo hivyo. Kwa Mwingereza hilo hutokea hapa na pale. Kwetu wa na ya ndiyo gundi ya lugha nzima, "duka la vifaa vya ujenzi", "chama cha wakulima wa ufuta". Usikubali pengo hilo. Chagua herufi hizo mbili, ingia sehemu ya kupunguza nafasi, sogeza kidogo kidogo hadi weusi na weupe vilingane. Kipimo changu ni cha mchanga: fikiria unamimina mchanga katikati ya kila herufi mbili. Kila tundu lipokee mchanga wa kiasi kilekile. Hakuna rula inayolifanya hilo, ni jicho.

Na urefu wa maneno. Lugha yetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. TUNAWAKARIBISHA ina herufi 15. Kwenye ubao wa mita 2, kwa fonti nene ambayo upana wa herufi unakaribiana na kimo chake, utapata herufi za sentimita 12 hivi. KARIBU ina herufi 6. Kwenye ubao huohuo utapata karibu sentimita 30. Maana ni ileile, nauli ya kufika machoni ni tofauti kabisa. Mteja akija na "TUNANUNUA UFUTA KWA BEI NZURI", mimi huchora UFUTA peke yake, kubwa, lenye miguu na unene wote anaoutaka, kisha maneno yaliyobaki yanakaa chini kwa herufi ya kawaida isiyo na makuu. Mwanzoni ananuna. Akivuka barabara akatazama, ananyamaza.

Kipimo cha umbali ambacho wachora mabango wengi hukifuata ni hiki: kila mita 3 za umbali zinahitaji sentimita 2 na nusu za kimo cha herufi ili isomeke bila kukaza macho. Kwa hiyo bango la kusomwa kutoka mita 30 linataka herufi ya sentimita 25. Kipimo hicho ni cha herufi ya kawaida. Yenye mapambo iongezee robo au zaidi, kwa sababu mistari yake myembamba huanza kupotea mapema. Ukiwa mbali, H iliyopoteza uzi wake inabaki miti miwili isiyoshikana, na E inabaki gogo.

Chukua mfano wa uwanjani. Timu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mechi za Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, zimewafanya vijana kuwa mafundi wa mabango ya vitambaa. Upana wa kawaida wa uwanja wa mpira ni mita 68. Ukitaka shabiki wa upande wa pili asome, unahitaji herufi ya sentimita 57 hivi kwa kiwango cha chini. NAMUNGO ni herufi 7, zikiwemo N mbili na M, zote pana. Hapo unahitaji kitambaa cha mita 4 na nusu, pamoja na pambizo, kwa jina tu. Vijana wakija na shuka moja na kutaka jina la timu, jina la tawi, salamu kwa wachezaji na picha ya mnyama, huwa nawapa kikombe cha chai kwanza.

Mtu atauliza, mbona kanga imejaa mapambo na bado inasomeka? Swali zuri, na jibu lake ndilo fundisho bora la usanifu tulilonalo pwani hii. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo limepambwa, mji umepambwa, lakini jina mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa za wazi, ndani ya kisanduku chake, bila mkia wala kivuli. Waliotengeneza kanga walijua jina litasomwa nyuma ya mtu anayetembea, kitambaa kikiwa kimekunjika. Waliliacha jina lipumue. Kwa hiyo kama kadi yako ina maua pembeni, pete mbili katikati na rangi ya dhahabu nyuma, herufi ivue mapambo. Kama bango ni ubao mtupu mweupe, hapo ndipo herufi ivae. Maua na herufi za maua kwa pamoja ni sawa na kuvaa kanga mbili zenye majina yanayogombana.

Kuhusu kadi sina mengi. Jina la maharusi au la mwali livae. Tarehe, saa, mahali na namba viandikwe kwa herufi ya gazeti. Nyingi siku hizi hazichapwi kabisa, zinatumwa kwa WhatsApp, ambayo hubana picha na kuzila nyuzi zote nyembamba. Basi itume kwako mwenyewe kwanza, ifungue kwenye simu ndogo kuliko yako, nje, juani. Na ukihamisha kazi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, usibebe faili ghafi. Ibadilishe iwe PDF. Nimeona kadi nzuri ikifika kwa mchapaji mjini ikiwa imevuliwa fonti yake na kuvishwa nyingine, na majina yakamwagika nje ya mstari, kisha watu wakalaumiana bure.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni kuchora mwenyewe. Kompyuta inakuja baadaye. Chukua karatasi ya mfuko wa saruji, upande safi, na brashi bapa. Piga mistari miwili ya penseli. Anza na N na O kwa herufi kubwa, kwa sababu hizo mbili zikikubali, nusu ya alfabeti imekubali: N inakupa mti mnene na uzi, O inakupa tumbo. Amua uwiano mara moja, mathalani mti uwe mara sita ya uzi, usibadilike. O ichore ivuke mistari kidogo juu na chini, kiasi cha unene wa sarafu kwa herufi ya kiganja. Ukiibana ndani ya mistari itaonekana fupi kuliko N. Ni udanganyifu wa jicho, na mafundi wote wanaufuata. Kisha fanya A, K, M, W, U, I. Ukishapata hizo nane unaweza kuandika KUNI, MAONI, WAKO, nusu ya mambo ya dunia. Pambo liweke mwisho kabisa, na liweke mahali pamoja katika herufi: ama kwenye kikanyagio, ama kwenye tumbo, ama kwenye ncha. Anayetaka kuifikisha kazi yake kwenye kompyuta aipige picha, aifuatilie kwa Inkscape, kisha aiingize FontForge. Zote mbili ni za bure, na zinatembea hata kwenye kompyuta kuukuu yenye subira.

Kuna mahali ambapo herufi nene yenye uzi mwembamba inashinda zote, napo ni kwenye stensili ya gunia. Anayetaka kuandika jina la chama cha msingi kwenye gunia la korosho hukata herufi kwenye bati laini au filamu kuukuu ya eksirei, akapaka rangi juu yake. Shida ya stensili ni matundu: ukikata O, katikati yake panadondoka, A, B, D, P na R vivyo hivyo. Lazima uache madaraja. Kwenye herufi ya kawaida daraja huonekana kama kidonda. Kwenye herufi ya aina hii, sehemu zilizokuwa nyuzi nyembamba ndizo unazoziacha bila kukata, ziwe madaraja. O inakuwa mabano mawili manono yanayotazamana, na jicho la msomaji linamalizia lenyewe. Inatoka kazi safi, tena ya kifahari, kwa gharama ya wembe mmoja. Ukiwa na AMCOS, yaani chama cha msingi, iliyo chini ya RUNALI, muungano wa ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, andika jina la AMCOS tu kwa herufi hiyo. Uzito na daraja la korosho viandikwe kwa tarakimu nyepesi za wazi, kwa sababu anayezisoma ghalani ana haraka, na tarakimu iliyosomwa vibaya hapo ni fedha ya mkulima.

Rangi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini huku, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kawaida juu ya ubao mgumu, na rangi hiyohiyo ya mafuta ndiyo bado inayodumu kwenye mabango yetu. Inang'aa, inavumilia mvua, inaoshwa. Turubai la fleksi linalochapwa kwa mashine ni rahisi na la haraka, lakini jua la kusini halilihurumii. Nyekundu na njano hutangulia kufifia, nyeusi inabaki. Kama lazima ni fleksi, basi neno lako nene liwe jeusi au la buluu iliyokolea juu ya nyeupe au njano, na nyekundu iachie kivuli. Kivuli kikififia, neno litabaki. Vivuli vyenyewe vianguke upande mmoja katika bango zima, ama chini kulia ama chini kushoto. Jua halichomozi kutoka pande mbili.

Na usikubali fundi aanze kupaka kabla hajachora kwa chaki. Mwambie achore neno zima, mvuke barabara wote wawili, mtazame. Ni katika dakika hizo ndipo nimeona DUKA linalosomeka OUKA kwa sababu D ilinenepeshwa mgongo, na MBEGU ambayo G yake ilikuwa imefungwa ikawa O. Chaki inafutwa kwa kitambaa chenye maji. Rangi ya mafuta inahitaji tupentaini, msasa, na maneno ambayo si ya kuandikwa hapa.

La mwisho, bango likishakaa msimu mmoja wa kiangazi na ukaona herufi zimefifia, usikimbilie kuchora upya. Lioshe kwa maji na sabuni kwanza. Mara nyingi neno lipo vilevile, lililopo juu yake ni vumbi la barabara.